Namna ya Kuizunguka Miji ya Hispania Wawili, Begi Mgongoni, Wakati wa Joto

Sevilla kufika nyuzi 40 mwezi wa Julai si habari ya kuandikwa gazetini. Agosti 2021 mkoa wa jirani, Córdoba, ulipima zaidi ya nyuzi 47. Hata hivyo watu huenda miezi hiyohiyo, kwa sababu ndiyo likizo waliyopewa. Haya, kama ni Julai au Agosti, basi jua ndilo lipange safari: mji upi uanze, mtoke saa ngapi, mlale chumba cha aina gani. Mengine yatafuata.

Njia ninayoipendekeza ni hii: Barcelona, Valencia, Madrid, Granada, Córdoba, Sevilla, kisha mrudi Madrid usiku mmoja kabla ya ndege. Inataka wiki mbili na ushee. Mkiwa na siku kumi tu, acheni Valencia, Córdoba ipiteni kwa saa chache mkiwa njiani kwenda Sevilla, na punguzeni usiku kwingine.

Hatua ya 1: Viza, miezi minne kabla

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Anayeishi Ujerumani au Ubelgiji kwa kibali halali cha ukaazi haihitaji. Anayeishi Uingereza, Muscat au Dubai kwa pasipoti hizo bado anaihitaji, na wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla. Msiusubiri mwisho huo. Kila mtu anataka miadi kwa ajili ya Julai. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi hata mkinyimwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000 za matibabu.

Hapa ndipo wawili hujichanganya. Hakuna fomu ya mume na mke. Kila mmoja anajaza yake, na jina lake lazima lionekane kwenye bima na kwenye nafasi za vyumba. Kama mmoja ndiye anayelipa, aandike barua ya kumgharamia mwenzake, aambatishe taarifa ya benki yake, na cheti cha ndoa kama ndoa ipo. Hispania imeweka kiwango cha pesa ambacho mgeni anatakiwa kuonyesha kwa kila siku ya kukaa, na siku hizi kinapita euro 100 kwa kichwa. Halafu someni ratiba zenu pamoja kabla ya kuziwasilisha: mmoja akiandika siku 15 na mwingine 17, mmejiletea maswali ya bure.

Mkipanga kufikia kwa ndugu, jueni kwamba mwenyeji hutakiwa kuomba barua ya mwaliko polisi, na barua hiyo ina mlolongo wake. Ni rahisi zaidi kushika vyumba vinavyofutika bila malipo, mkapata viza, kisha mkaamua. Tiketi ya ndege isiyorudishwa pesa msiiguse kabla viza haijatoka.

Hatua ya 2: Ndege ya kuingilia huku na kutokea kule

Tafuteni tiketi inayoingia Barcelona na kutoka Madrid. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam mtaunganisha Doha, Addis Ababa, Istanbul au Dubai, na mara nyingi bei ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine haipishani sana na ya kwenda na kurudi palepale. Faida yake ni kwamba hamtamaliza siku nzima mkirudi mlikoanzia.

Kwa nini Barcelona kwanza? Kwa sababu iko pwani, na mwili uliochoka na ndege unaivumilia zaidi kuliko Sevilla. Mtu wa Mombasa au Dar ataitambua hewa ya Barcelona na Valencia mara moja: jasho, chumvi, upepo wa jioni. Joto la Sevilla na Córdoba ni jingine, kavu, la kukausha midomo, na hata usiku ukuta bado una moto. Madrid na Granada ziko juu, mita 650 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Mchana zinachoma, lakini usiku hupumua.

Hatua ya 3: Fungeni mambo matatu tu mapema

Watu hukata tiketi za kila jumba la makumbusho miezi miwili kabla, kisha wanatembea na ratiba kama askari wa zamu. Fungeni haya, mengine yaacheni huru.

La kwanza ni Alhambra ya Granada, ngome yenye majumba ya kifalme na bustani. Tiketi ni za majina na namba za pasipoti, huisha mapema sana, na ndani yake imeandikwa saa ya kuingia kwenye majumba ya Wanasri, ukoo wa Kiislamu uliotawala Granada. Mkichelewa saa hiyo hamwingii, hata kama sehemu nyingine bado mnaruhusiwa. Nunueni kwenye tovuti rasmi, na siku yenyewe bebeni pasipoti zenyewe, si picha kwenye simu. Zikiwa zimekwisha, angalieni tiketi ya bustani na ngome bila majumba, au ziara za usiku.

La pili ni Sagrada Família ya Barcelona. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1882 na mpaka leo mafundi bado wako juu. Chagueni saa za alasiri: vioo vya upande wa magharibi vimewekwa rangi nyekundu na za machungwa, na jua likishuka ukumbi wote hugeuka rangi. Mabega na mapaja yafunikwe.

La tatu ni treni za mwendokasi. Reli ya kwanza ya aina hii nchini humo, Madrid hadi Sevilla, ilifunguliwa mwaka 1992, na leo njia kubwa zina kampuni tatu zinazogombania abiria: Renfe, Ouigo na Iryo. Ndiyo maana tiketi iliyonunuliwa wiki sita kabla inaweza kuwa robo ya bei ya ile ya dakika za mwisho. Linganisheni zote tatu, lakini someni masharti ya mizigo: kwenye tiketi za bei ya chini begi kubwa la mgongoni linaweza kuhesabiwa kuwa mzigo wa ziada.

Muda wa njiani ni huu, kwa makadirio. Barcelona hadi Valencia saa tatu. Valencia hadi Madrid chini ya mbili. Madrid hadi Granada tatu na nusu. Granada hadi Córdoba moja na nusu. Córdoba hadi Sevilla dakika 45. Sevilla hadi Madrid mbili na nusu. Mtaona kwenye ramani kwamba Valencia na Granada hazionekani kuwa mbali, mkashawishika kukata moja kwa moja. Msikubali, hakuna treni ya haraka hapo, na basi hula siku nzima. Kupitia Madrid ndiko karibu.

Hatua ya 4: Chumba cha wawili

Wanaosafiri na begi mgongoni hukimbilia vitanda vya kuchangia chumba. Kwa mtu mmoja hesabu inakubali. Kwa wawili, jumlisheni: vitanda viwili kwenye chumba cha watu wanane, wakati wa msimu, mara nyingi hukaribia bei ya chumba chenu wenyewe kwenye *hostal*. Hiyo ni nyumba ndogo ya wageni, aghalabu ya familia, ghorofa ya pili au ya tatu ya jengo la kawaida, vyumba safi visivyo na makuu. *Pensión* ni ndugu yake wa bei ya chini zaidi, na huenda bafu likawa la nje.

Ulizeni mambo mawili kabla ya kulipa. Kuna *aire acondicionado*, yaani kiyoyozi? Feni haitoshi Sevilla, na anayesema inatosha hajalala huko Agosti. Pili, kitanda ni *cama de matrimonio*, yaani kimoja kikubwa, au vidogo viwili? Usipotaja utapewa kilichopo. Mapokezi watachukua taarifa za pasipoti za wote wawili, sheria inawalazimisha, ila hakuna atakayewauliza cheti cha ndoa.

Hatua ya 5: Begi

Begi moja kwa kila mtu, lita 40 zinatosha, na uzito ambao kila mmoja anaweza kupanda nao ghorofa tatu bila kuomba msaada. Vitu vya pamoja vigawaneni: mmoja abebe dawa na chaja, mwingine sabuni na kamba ya kuanikia. Nguo moja kamili ya kila mtu iwe kwenye begi la mwenzake, maana begi likipotea hubaki la kuvaa.

Soketi za kule ni za pini mbili za duara, kwa hiyo adapta mbili, kila mtu na yake. Viatu viwe vimeshavaliwa. Mitaa ya zamani ni ya mawe. Na khanga, jozi nzima bila kuitenganisha: ni taulo ya ufukweni, shuka ya ndani ya treni yenye baridi kali ya kiyoyozi, na kifuniko cha mabega mlangoni mwa kanisa. Hakuna kitu kingine chenye uzito huo kinachofanya kazi zote hizo.

Hatua ya 6: Pesa na simu

Kadi ndizo zinazotumika karibu kila mahali, hata kwa kahawa. Waambieni benki zenu mapema kwamba mnasafiri, na kadi ziwe mbili kutoka akaunti tofauti, kila mmoja na yake; ya mmoja ikimezwa, hamjakwama. Mashine ya kutolea pesa ikiwauliza kama mnataka ibadilishe kwa sarafu ya nyumbani, kataeni, chagueni euro. Kiwango chao huwa cha kuumiza.

Kwa matumizi, makadirio yangu ni euro 130 hadi 170 kwa siku kwa wawili, chumba kikiwemo, treni za mbali zikiwa nje ya hesabu. Chakula huokoa au huua bajeti hii kuliko kitu kingine. Nitakigusa mbele.

Wekeni mfuko wa pamoja. Kila baada ya siku tatu kila mmoja anatia kiasi kilekile, na chakula, maji na metro hutoka humo. Manukato na jezi kila mtu anajinunulia.

Hatua ya 7: Jifunzeni saa za wenyeji

Wakati wa kiangazi Hispania iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja tu, lakini jua lake lina mambo yake. Nchi hiyo hutumia saa za Ulaya ya kati ingawa imekaa upande wa Uingereza kwenye ramani, kwa hiyo mwishoni mwa Juni, Madrid, jua huzama karibu saa nne usiku. Joto halifikii kilele saa saba mchana mlivyozoea, bali jioni, saa kumi na moja hivi. Wengi hujificha saa sita, wakatoka saa kumi wakidhani yamepita, kumbe ndiyo yanapamba moto.

Siku ya kiangazi inakwenda hivi. Tokeni saa mbili asubuhi, tembeeni hadi saa saba. Kuanzia saa nane hadi saa kumi kaeni kwenye chakula cha mchana, kirefu. Rudini chumbani mlale, au ingieni jumba la makumbusho lenye baridi. Saa moja jioni tokeni tena, na huo ndio mwanzo wa siku ya pili: viwanja hujaa, watoto wanacheza mpira hadi saa sita usiku, mabibi wamekaa nje wakijipepea kwa pepeo. Majiko mengi ya mikahawa hayafunguki kwa chakula cha usiku kabla ya saa mbili na nusu. Ukiona mgahawa unauza chakula cha usiku saa kumi na mbili, basi umetegeshewa mgeni.

Tiketi zote zimeandikwa kwa mfumo wa saa 24: 19:40 ni saa moja na dakika arobaini jioni. Mmoja akisoma, mwingine ahakikishe. Kituoni fikeni nusu saa kabla, kwa sababu mizigo ya treni za mwendokasi hupita kwenye mashine ya ukaguzi.

Hatua ya 8: Mji kwa mji

*Barcelona, usiku nne.* Kadi ya metro iitwayo T-casual ni ya mtu mmoja, kwa hiyo wawili mnahitaji mbili, au T-familiar ambayo mnaweza kuitumia pamoja. T-casual haikubaliki kwenye metro ya uwanja wa ndege, ila inakubaliwa na treni ya kawaida inayofika kituo cha abiria namba 2. Asubuhi pandeni kwenye bustani ya Park Güell, alasiri nendeni kwenye mabaki ya ngome za mizinga juu ya mtaa wa Carmel mkaone mji wote. Barceloneta ni ufukwe wa kuoga, si wa kuacha begi. Barabara ya La Rambla ipiteni mara moja tu, simu mfukoni.

*Valencia, usiku mbili.* Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1957 mto Turia uligeuzwa upite nje ya mji, na mkondo wa zamani ukawa bustani ndefu ya karibu kilomita 9. Kodini baiskeli mbili, mwishieni kwenye majengo meupe ya Jiji la Sanaa na Sayansi. Paella, wali wao maarufu, huliwa mchana, na ile ya asili ya hapa ni ya kuku na sungura. Kunyweni *horchata* ya baridi: hutengenezwa kwa viazi vidogo vya mmea wa jamii ya ndago.

*Madrid, usiku tatu.* Kadi ya Multi yenye safari kumi mnaweza kuipokezana getini, moja inatosha wawili. Makumbusho ya Prado huingiwa bure saa mbili za mwisho kila siku, na Reina Sofía, ilipo picha ya Guernica ya Picasso, huwa bure jioni isipokuwa Jumanne, siku ambayo imefungwa, na Jumapili, ambapo saa za bure ni za mchana. Kwa kuwa saa hizo ni za jua kali, mnaua ndege wawili kwa jiwe moja. Foleni ipo, fikeni mapema. Agosti maduka mengi madogo ya Madrid hufungwa mwezi mzima, wenyewe wakiwa baharini.

*Granada, usiku tatu.* Hapa msiharakishe. Ilikuwa dola ya mwisho ya Waislamu katika Hispania, na ilianguka tarehe 2 Januari 1492. Alhambra ipewe asubuhi nzima: ngome kwanza, majumba saa iliyoandikwa, bustani za Generalife mwishoni palipo na maji na kivuli. Jioni pandeni mtaa wa Albaicín hadi uwanja wa San Nicolás, mkaitazame Alhambra ikibadilika rangi ng'ambo ya bonde. Pembeni yake tu kuna msikiti mpya uliofunguliwa mwaka 2003, wenye bustani inayotazama kulekule. Mtaa wa Calderería Nueva una nyumba za chai na chakula cha Wamoroko, na anayetafuta halali atapumua hapo. Granada pia bado inashika desturi nzuri: agiza kinywaji, hata soda, na kisahani cha chakula kinakuja bure.

*Córdoba, usiku mmoja.* Msikiti wa zamani ulianza kujengwa mwaka 785 chini ya Abd al-Rahman wa kwanza, na tangu 1236 ni kanisa. Ndani kuna zaidi ya nguzo 800 na matao yenye mistari myekundu na myeupe, na katikati limepandikizwa kanisa kuu zima. Jumatatu hadi Jumamosi huingiwa bure kuanzia saa mbili na nusu asubuhi kwa muda wa saa moja, kabla vikundi havijamwagika. Walinzi hawaruhusu kusali Kiislamu ndani, na ni wakali kwa hilo. Chakula cha hapa ni *salmorejo*, supu nzito ya nyanya iliyo baridi, ila huwekwa vipande vya nyama ya nguruwe juu. Semeni *sin jamón*.

*Sevilla, usiku mbili.* Asubuhi ni ya kanisa kuu na mnara wa Giralda, uliokuwa wa msikiti. Ndani hauna ngazi bali mteremko, na inasemwa mwadhini alipanda akiwa juu ya farasi. Mchana mitaa ya katikati hutandikwa mahema juu kukinga jua, na bado hamtapenda kutoka. Usiku vukeni daraja kwenda Triana, mtaa wa wafinyanzi na waimbaji wa flamenco. Plaza de España, iliyojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1929, iendeeni asubuhi mapema kabisa, bila kulipa chochote.

Hatua ya 9: Kula bila kufilisika

Mlo mkubwa uwe mchana. Siku za kazi mikahawa ya kawaida hutoa *menú del día*: sahani ya kwanza, ya pili, mkate, kinywaji na kitindamlo kwa bei moja, mara nyingi kati ya euro 13 na 17. Usiku mnakula kidogo, au mnanunua mkate, jibini, nyanya na tikiti supamaketi mkala kwenye kiwanja. Jumapili supamaketi nyingi kubwa hufungwa, kwa hiyo nunueni Jumamosi. Maji ya bomba ni salama, na sheria inawataka wenye mikahawa wawape bure mkiomba *agua del grifo*. Nguruwe yumo hata pasipotarajiwa, kwenye dengu na kwenye mboga. Swali la kuuliza ni *¿lleva cerdo?*

Hatua ya 10: Vibaka

Vibaka wa Barcelona na Madrid hawatumii nguvu, wanatumia fujo. Mmoja anaangusha kitu, mwingine anakuonyesha ramani, wa tatu ana simu yako. Kwenye metro begi liwe kifuani. Mezani simu isikae juu ya meza. Mkiwa wawili mna faida ambayo msafiri wa peke yake hana: mmoja akipiga picha, mwingine aangalie mabegi, si picha. Pasipoti zikiibiwa, nendeni polisi mkaandikishe *denuncia*, yaani taarifa ya wizi, kisha ubalozini. Nakala zake kila mmoja awe nazo kwenye simu ya mwenzake. Namba ya dharura ni 112.

Hatua ya 11: Kutoka

Usiku wa mwisho lalieni Madrid, hata kama treni ya Sevilla ingewafikisha siku ileile ya ndege. Metro ya kwenda uwanjani ina nyongeza ya euro 3 kwa kila mtu, na kituo namba 4 kiko mbali na vingine, kwa hiyo angalieni tiketi inasema kipi kabla ya kushuka. Mafuta ya zeituni yaingie kwenye mzigo wa chini. Risiti za manunuzi ombeni dukani zikiwa za kurudishiwa kodi, kwa sababu asiyeishi Umoja wa Ulaya anarudishiwa na Hispania haina kiwango cha chini. Fomu mnazigonga kwenye mashine za DIVA kabla ya kukabidhi mabegi, kwa kuwa afisa wa forodha anaweza kutaka kuviona vitu vyenyewe.